Tarishi na Mbiu ya Mgambo



Kila mwaka Kwaresima inapokaribia mwisho, padre hutukumbusha tujitayarishe kwa Meza ya Bwana siku ya Pasaka. Na kila mwaka wapo ndugu wanaobaki vitini wenzao wakienda mbele. Si kwamba hawaamini. Ukiwauliza kwa upole, watakuambia, "Nimekwisha kumsamehe fulani, lakini nikimwona njiani moyo hunidunda na mikono hutetemeka. Basi sijasamehe. Nitaendaje mezani?" Tena wako wengine wenye shida ya namna nyingine. Hao hukasirika upesi, wakampiga mtoto au wakatoa maneno ya kuumiza, kisha husema, "Ndivyo nilivyoumbwa, damu yangu ni moto." Wale wa kwanza wanajihukumu kwa jambo ambalo si dhambi. Hawa wa pili wanajipa ruhusa katika jambo ambalo ni dhambi. Nasi twaona kwamba wote wawili wangesaidiwa kama wangejua jinsi Mungu alivyoutengeneza mwili upokee habari ya hatari.

Tulifundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu, na habari za mwili wa binadamu zilikuwa katika masomo yetu. Twaomba wasomaji watuvumilie, tuingie darasani kidogo kisha turudi kanisani. Mwenye Zaburi ya 139 alistaajabia kazi ya Mungu katika mwili wake tangu alipokuwa tumboni mwa mama yake. Basi kuuchunguza mwili si kuacha ibada.

Tuchukue mfano anaoujua kila mtu wa shamba. Mtu anarudi nyumbani magharibi, giza linaanza kuingia. Mbele ya mguu wake anaona kitu chembamba kimejikunja njiani. Kabla hajamaliza kuwaza kwamba ni nyoka, mguu umekwisha kurudi nyuma. Anatazama vizuri: ni kipande cha kamba ya katani. Anajicheka. Lakini ingawa anacheka, moyo bado unadunda, kinywa kimekauka, mikono inatetemeka, na zitapita dakika kadhaa kabla hajatulia. Akili imekwisha kujua kwamba ni kamba, lakini mwili bado unamkimbia nyoka. Wazee waliliona jambo hili, ndiyo maana walituachia methali kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kwa nini mguu ulikuwa mwepesi namna ile, na moyo ukawa mzito kutulia? Ni kwa sababu habari ya hatari hupelekwa mwilini kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni mishipa ya fahamu, ambayo siku hizi wengi huiita neva. Hizi ni nyuzi nyembamba zitokazo katika ubongo na uti wa mgongo kwenda kila upande wa mwili. Twaweza kuzifananisha na tarishi aliyepewa barua yenye anwani. Hapigi kelele barabarani. Huenda moja kwa moja kwa yule aliyeandikiwa. Katika nyuzi zilizo nene, zilizozungushiwa utando wa mafuta, habari huweza kwenda kiasi cha mita 100 kwa sekunde moja, yaani urefu wa kiwanja cha mpira. Nyuzi nyembamba huenda polepole zaidi, nyingine mita moja tu kwa sekunde. Lakini kwa kuwa mwili si mrefu, hata hizo hazikawii.

Tarishi huyu afikapo mwisho wa njia hutoa tone dogo sana la kemikali. Katika mishipa ya fahamu inayouhimiza moyo na kuibana mishipa ya damu, kemikali hiyo ni noradrenalini. Tone hilo hugusa mahali pale pale lilipoangukia, na sehemu kubwa yake hufyonzwa tena na mshipa ule ule katika muda wa sekunde chache. Barua imesomwa, kazi imekwisha.

Kwamba mshipa wa fahamu husema kwa tone la kemikali ni jambo lililoonyeshwa na mtaalamu Otto Loewi katika mji wa Graz, nchi ya Austria, mwaka 1921. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia usingizini. Akaliandika upesi, na asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake. Usiku wa pili lilimrudia, naye hakungoja kupambazuke, bali aliondoka saa tisa ya usiku kwenda maabara. Alichukua mioyo miwili ya vyura. Aliusisimua mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza hata mapigo yake yakapungua, kisha akayachukua maji yaliyokuwa ndani yake akayatia katika moyo wa pili. Nao wa pili mapigo yake yakapungua, ingawa hakuna mshipa wake uliosisimuliwa. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Njia ya pili ni ya tezi. Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo, uzito wake gramu 4 au 5 hivi. Sehemu yake ya ndani hutengeneza adrenalini kwa wingi, na noradrenalini kidogo. Tezi hii haina barua wala anwani. Inapoamriwa, humimina kemikali yake ndani ya damu, na damu huuzunguka mwili wote kwa muda wa dakika moja hivi mtu akiwa ametulia, na kwa upesi zaidi akiwa mbioni. Kemikali inayopelekwa na damu namna hii huitwa homoni. Kwa mfano wetu, hii ndiyo mbiu ya mgambo, nayo twajua kwamba ikilia kuna jambo. Moyo huisikia ukapiga kwa nguvu. Mapafu huisikia yakapanua njia za pumzi. Ini huisikia likatoa sukari ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana. Hata chembe za mwili zisizofikiwa na mshipa wowote wa fahamu huisikia, maana damu huzifikia.

Sasa tuzitaje tofauti zao, kwa kuwa ndizo zenye fundisho.

Kwanza, upesi. Tarishi hufika kwa nukta ya sekunde; mbiu huchelewa kidogo, kwa sababu lazima damu iibebe.

Pili, mahali. Tarishi humgusa aliyeandikiwa. Mbiu huamsha mji mzima.

Tatu, namna ya kazi. Noradrenalini nguvu yake kubwa ni kuibana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo la damu. Adrenalini huuhimiza moyo zaidi, hufungua njia za hewa, na huharakisha kazi za mwili wote. Ndiyo maana mtu aliyeumwa na nyuki akavimba koo na kukosa pumzi hudungwa adrenalini pajani, na isipomtosha huongezwa nyingine baada ya dakika chache.

Nne, muda. Hapa ndipo penye fundisho kubwa zaidi. Kazi ya tone la tarishi huisha katika sekunde chache. Adrenalini iliyo katika damu huchukua dakika mbili au tatu kupungua nusu yake, na vitabu vya elimu ya mwili hufundisha kwamba kazi ya homoni za tezi hii hudumu mara 5 hadi 10 zaidi ya kazi ya mishipa ya fahamu. Mbiu ikisha kulia, hata mpigaji akiiweka chini, watu wamekwisha toka nje na mishale yao, na hawarudi ndani mara moja.

Tusidhani kwamba wawili hawa wanashindana. Mpiga mbiu huamshwa na tarishi, kwa maana mshipa wa fahamu ndio unaokwenda hadi ndani ya tezi na kuiamuru imimine. Tena mtoto anapoumbwa tumboni, sehemu hiyo ya tezi hutokana na shina lile lile la mishipa ya fahamu. Ni ndugu wa ukoo mmoja waliopewa kazi mbili.

Upo pia mjumbe wa tatu. Ganda la nje la tezi hiyo hiyo hutoa homoni iitwayo kortisoli. Hii haiamriwi na mshipa wa fahamu. Huamriwa na homoni nyingine itokayo katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kwa hiyo huja kwa kuchelewa. Mtu akipatwa na jambo la kumfadhaisha, kortisoli hupanda baada ya dakika kadhaa, hufika juu kabisa baada ya dakika 20 au 30 hivi, na kazi yake huendelea kwa saa nyingi. Ni homoni ya lazima. Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa London alieleza habari za wagonjwa ambao tezi zao hizi zimeharibika, jinsi wanavyodhoofika hata kufa. Siku hizi wagonjwa kama hao huishi kwa kupewa dawa ya kujaza upungufu huo. Lakini ikikaa juu kwa muda mrefu kupita kiasi, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na hudhoofisha kinga ya mwili.

Wala homoni hizi hazingoji jeraha. Mwaka 1911, huko Marekani, Walter Cannon na mwenzake walichukua damu ya paka kabla na baada ya kubwekewa na mbwa. Katika damu ya baada ya hofu waliona dalili za adrenalini ambazo damu ya kwanza haikuwa nazo. Mbwa hakuwa amemwuma. Kumwona na kumsikia kulitosha. Nasi wanadamu twapita hapo, kwa kuwa hata kumkumbuka mbwa kwatutosha.

Basi na turudi kanisani, tuone mambo matatu.

Jambo la kwanza: kushtuka si dhambi. Tarishi hutumwa kabla hatujaulizwa. Bwana wetu mwenyewe kule Gethsemane alifadhaika na kuhuzunika sana, na Luka anatueleza habari ya jasho lake lililodondoka mfano wa matone ya damu. Kama mwili wa Mwana wa Mungu asiye na dhambi ulifadhaika, nani atakayesema kwamba moyo kudunda ni upungufu wa imani? Lakini soma tena habari za Kaini katika Mwanzo sura ya 4. Uso wake ulikunjamana kwa hasira, na Mungu hakumpiga hapo. Alikuja akasema naye, akamwonya kwamba dhambi inamvizia mlangoni, na kwamba imempasa aishinde. Kati ya hasira na kosa Mungu aliweka nafasi, na ndani ya nafasi hiyo aliweka Neno lake. Kaini hakuhukumiwa kwa kuwaka kwa mwili wake. Alihukumiwa kwa sababu aliivuka nafasi ile akiwa ameziba masikio.

Kwa hiyo anayesema "damu yangu ni moto" amesema kweli nusu. Damu ya kila mtu hupata moto, maana kila mtu amepewa tezi mbili juu ya figo zake. Lakini mkono hauinuliwi na adrenalini. Homoni huuandaa mkono tu. Mwenye kuuinua ni mwenye mkono.

Jambo la pili: tungoje mbiu inyamaze. Yakobo katika sura ya kwanza ya waraka wake ametuagiza tuwe wazito wa kusema na wazito wa kukasirika, na elimu ya mwili yatuonyesha hekima ya agizo hilo. Mzazi aliyekasirishwa na mtoto anajiona ana haki kamili katika dakika ile ya kwanza, na kumbe katika dakika ile mwili wake umeandaliwa kupigana na adui, haukuandaliwa kulea. Vijana tuliowafundisha ualimu tuliwapa kanuni hii: mwalimu asimwadhibu mtoto wakati mkono wake mwenyewe unatetemeka. Amwambie aketi, afundishe somo mpaka mwisho, kisha amwite. Mara nyingi adhabu iliyoonekana kuwa ya lazima saa mbili asubuhi, ikifika saa nne imekuwa maongezi. Hasira ni hasara, walisema wazee, na hasara yenyewe hupatikana katika dakika zile chache.

Mtazameni Abigaili katika 1 Samweli sura ya 25. Daudi ametukanwa na Nabali, amejifunga upanga, na watu wapata 400 wako nyuma yake, naye ameapa kwamba hadi asubuhi hatabaki mwanamume katika nyumba ile. Abigaili hakwenda kubishana naye kwamba asikasirike. Alimpelekea mikate 200 na divai na kondoo waliotayarishwa, akashuka juu ya punda, akainama, akasema naye maneno ya taratibu. Kwa kufanya hivyo alimnunulia Daudi muda. Daudi akapoa, akamshukuru Mungu kwamba amezuiwa kumwaga damu. Tena aliporudi nyumbani akamkuta mumewe amelewa, hakumwambia neno lolote usiku ule mpaka kulipokucha. Mwanamke huyo hakusoma elimu ya homoni, lakini alijua wakati wa kusema na wakati wa kungoja. Katika kila nyumba, na katika kila kamati ya kanisa, tunamhitaji Abigaili mmoja.

Lakini kungoja si kuiweka hasira akiba. Mtume Paulo, katika Waefeso sura ya 4, aliiwekea hasira mpaka wa siku ile ile kabla jua halijatua. Angalieni jinsi mpaka huo ulivyo mwema: dakika za adrenalini zitakuwa zimepita zamani, nayo kortisoli itakuwa inashuka. Mtu akiendelea kuwaka kesho na kesho kutwa, si mbiu ya kwanza inayolia. Ni yeye anayeipiga upya kila usiku kitandani, akiyarudia maneno aliyotukanwa, akiyatunga majibu ambayo angalijibu. Kila anapofanya hivyo tarishi hutumwa tena na tezi humimina tena. Aliyemkosea amelala usingizi, na yeye anaunywa mwenyewe uchungu aliomtengenezea mwenzake.

Jambo la tatu, nalo ndilo lililotufanya tuandike: tusipime msamaha kwa mapigo ya moyo. Msamaha ni uamuzi wa nia mbele za Mungu. Ni kusema, "Sitamlipiza, sitamtakia mabaya, namwombea heri." Uamuzi huo waweza kufanywa leo, na mwili usipate habari mpaka baada ya siku nyingi. Ukimwona yule ndugu sokoni na moyo ukadunda, hiyo ni kumbukumbu imemtuma tarishi, kama ung'ongo unavyomshtua aliyeumwa na nyoka. Haina maana kwamba umeurudisha moyoni uadui ulioutoa. Msalimu kama kawaida, mwombee kimya kimya, pita. Kila mara utakapofanya hivyo bila kuipiga mbiu kwa mkono wako, mwili nao utajifunza polepole kwamba nyoka ameondoka.

Mungu mwenyewe huuvumilia mwili. Eliya, baada ya siku kuu ya mlima Karmeli, alitishwa na Yezebeli akakimbia, akaketi chini ya mti jangwani akiomba afe (1 Wafalme 19). Nabii aliyeomba moto ukashuka! Tungetazamia akemewe kwa kupungukiwa na imani. Lakini malaika alimgusa akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akampa chakula mara ya pili. Mashauri yalikuja baadaye sana, Horebu, baada ya upepo na tetemeko na moto, kwa sauti ya utulivu. Mungu aliutuliza mwili kwanza, ndipo akamtuma kazini. Nasi tukimwona ndugu aliyefiwa, au aliyevunjiwa nyumba, au aliyetoka mahakamani, tusimrukie kwa mahubiri. Tumpelekee chakula, tukae naye, alale.

Hapa tuongeze neno la tahadhari. Si kila mbiu ni ya kamba. Nyingine ni ya nyoka kweli. Mke anayepigwa, au mtoto anayeonewa nyumbani, asiambiwe kwamba hofu yake ni kumbukumbu tu na arudi akavumilie. Mwili wake unasema kweli, nao ni sauti aliyopewa na Muumba. Bwana Yesu mwenyewe walipookota mawe ili wampige aliondoka mbele yao (Yohana 8). Mtu aweza kusamehe akiwa mahali pa salama, na sisi Wakristo tunapaswa kumpatia mahali hapo.

Basi, ndugu uliyekuwa ukibaki kitini, jiulize maswali mawili tu. Je, ninamtakia mabaya? Je, niko tayari kupatana naye ikiwa njia ya haki itafunguka? Kama la kwanza waweza kulijibu la, na la pili ndiyo, usiungoje moyo uache kudunda. Nenda kwa padre ukamweleze, uungame lililo dhambi, na lisilo dhambi usilibebe. Kisha njoo mezani pamoja nasi hata kama mikono inatetemeka unapoinyosha kupokea. Huo Mwili na Damu ya Bwana walipewa kwanza watu walioogopa, ambao usiku ule ule wote walikimbia.

Ee Bwana uliyeziumba figo zetu na kuyajua mawazo yetu, utupe uzito wa kukasirika na wepesi wa kupatana. Utulize yanayotetemeka ndani yetu, kwa wakati wako, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.